Modemu inashika lakini kurasa hazifunguki: usikimbilie kununua nyingine

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo hapa Sahare, Tanga. Nachapa barua, naprinti, na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa nzito, mdogo wangu akaniwekea Linux ya aina ya Debian, sasa inakwenda vizuri. Natumia modemu ya USB ya 3G, nimeifikisha dirishani kwa waya wa kurefusha, na naipiga kwa programu ya wvdial kama alivyonionyesha. Asubuhi inashika, naiona mpaka anwani ya IP, lakini kurasa hazifunguki. Nikiikata na kuipiga tena mara mbili tatu, zinafunguka. Mchana ni balaa jingine: inakatika kila baada ya dakika chache, na nikipiga tena naambiwa hakuna modemu. Kampuni ya simu wanasema mnara uko sawa. Wateja wananisubiri, na mdogo wangu yuko mbali. Ninunue modemu mpya? Nimekutumia maandishi yaliyotokea kwenye skrini.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Weka hela yako kwanza. Nimeyasoma maandishi uliyotuma mara mbili, na ninachokiona ni maradhi mawili yaliyokutana kwenye mwili mmoja. Ya asubuhi ni mengine na ya mchana ni mengine kabisa. Ukiyatibu kwa pamoja utabadilisha kila kitu, na siku yakirudi hutajua ni dawa ipi iliyokuponya.

Sisi tunasema modemu "imeshika" kana kwamba ni tendo moja. Kwa Linux ni matendo sita. Kwanza kerneli, yaani kiini cha Linux, iione modemu na kuipa mlango, kwa kawaida /dev/ttyUSB0. Kisha wvdial izungumze na modemu kupitia mlango huo. Kisha modemu ijiandikishe kwenye mnara na kukubali kufungua njia ya data. Hapo ndipo unapoona neno CONNECT. Kisha pppd, programu ya PPP (kanuni za kuunganisha mashine mbili), ipatane na upande wa pili na ipewe anwani. Kisha iwekwe njia ya kutokea nje. Mwisho kabisa, majina ya tovuti yaweze kugeuzwa kuwa namba. Wewe asubuhi unaona anwani ya IP, unadhani umefika, kumbe uko hatua ya nne.

Kuna jambo moja la modemu hizi ambalo ukilielewa, nusu ya maajabu yake yanakwisha, kwa hiyo nivumilie kidogo. Zamani, nilipokuwa natumia modemu ya simu ya mezani hapa Ngamiani, kupiga kulikuwa kupiga kweli. Namba inalia, modemu ya upande wa pili inapokea, zinapigiana kelele kama kuku anayekimbizwa, halafu pppd yangu inazungumza moja kwa moja na mashine ya kampuni iliyo mbali. Masika ikipamba moto, maji yakaingia kwenye viungio vya waya barabarani, laini ilikuwa inakoroma na mazungumzo yanavunjika katikati. Kosa la nywila nalo lilikuwa la kila wiki, maana aliyekuwa anaikagua ni ile mashine ya huko.

Modemu yako haimpigii mtu. Ile *99# si namba ya simu, na hakuna simu inayolia popote ukiipiga. Ni ishara ya kuiambia modemu ifungue njia ya data. Waliotengeneza vifaa hivi walikuta kompyuta zote zimeshazoea amri za AT za kuiendesha modemu, zile ambazo kampuni ya Hayes ya Marekani ilizileta na modemu yake ya mwaka 1981. Wakaona afadhali kifaa kipya kijifanye modemu ya zamani kuliko kila kompyuta ifundishwe upya. Kwa hiyo pppd ya laptopu yako inapofanya mapatano yake ya PPP, haizungumzi na mnara wala na kampuni ya simu. Inazungumza na modemu yenyewe, hapo hapo ubavuni. Modemu inajibu kwa niaba ya mtandao, kama mtoto aliyeachiwa duka: mteja akiuliza bei ya kitu na mama hayupo, mtoto anataja bei yoyote ili mteja asiondoke.

Sasa angalia mistari yako ya asubuhi:

remote IP address 10.64.64.64
primary DNS address 10.11.12.13
secondary DNS address 10.11.12.14

Huo wa kwanza usikutishe. Modemu haikutaja anwani ya upande wake, basi pppd ikajaza ya kubuni ili mambo yaendelee. Utauona hata siku ambayo kila kitu kinakwenda.

Miwili ya chini ndiyo ugonjwa wako wa asubuhi. Hiyo ni bei ya mtoto wa dukani. pppd iliiuliza modemu, seva za majina (DNS) ni zipi? Mtandao ulikuwa bado haujaijibu modemu, nayo ikatoa namba za kuzugia, 10.11.12.13 na 10.11.12.14. Hakuna seva ya kukujibu kwenye namba hizo. Laptopu ikaziamini, ikaziandika, na kuanzia hapo kila jina la tovuti unaloandika linapelekwa kwa mtu ambaye hayupo. Anwani unayo, njia unayo, ila huna wa kukutafsiria majina. Ndiyo maana ukikata na kupiga tena zinafunguka: safari hiyo modemu imeshapata majibu ya kweli.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe kesho asubuhi wakati kurasa zimegoma. Usikate. Fungua dirisha jingine la terminali, pale pa kuandikia amri, uandike hii ya kuita namba na kusubiri jibu:

ping -c 4 8.8.8.8

Kisha ping tena, safari hii kwa jina la tovuti yoyote unayoijua. Namba zikijibu na jina likagoma, njia ni nzima na shida ni ya majina peke yake. Namba nazo zikigoma, basi andika ip route na utazame mstari unaoanza na default. Ukiona unaelekea wlan0 au jina jingine badala ya ppp0, ambayo ndiyo njia ya modemu, laptopu inajaribu kutokea kwenye Wi-Fi isiyo na kitu, pengine simu ya mteja uliyowahi kuunganisha. Zima Wi-Fi, piga upya. Na kama njia ni ppp0 lakini namba hazijibu, tazama salio la bando kabla ya kufungua chochote kingine. Nacheka, lakini wanaokuja kwangu na kosa hilo si wachache, na wengine wamepanda daladala kutoka Muheza.

Dawa ya asubuhi ni kumkataza mtoto wa dukani kutaja bei. Fungua /etc/wvdial.conf iwe hivi:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttyUSB0
Baud = 460800
Init1 = ATZ
Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","internet"
Phone = *99#
Username = ' '
Password = ' '
Stupid Mode = 1
Auto DNS = off

Neno internet kwenye Init2 ndilo jina la APN, yaani lango la data la kampuni ya simu. Kama mdogo wako aliweka jingine la kampuni yako, liache lile lile. Jina la mtumiaji na nywila ni nafasi tupu kati ya alama mbili, usiifute mistari hiyo, maana wvdial inalalamika isipoiona. Stupid Mode isikuudhi kwa jina lake, inamaanisha wvdial isisubiri kuulizwa jina kama zamani, ikishaona CONNECT iingie PPP moja kwa moja. Mstari wa mwisho ndio tulioufuata. Lakini peke yake hautoshi: kwenye Debian kuna faili /etc/ppp/peers/wvdial, na ndani yake mara nyingi limo neno usepeerdns, linaloomba seva za majina kwa modemu vile vile. Weka alama ya # mbele yake. Wengi wanabadilisha huku wanasahau kule, halafu wanasema dawa haifanyi kazi.

Halafu andika seva za majina mwenyewe kwenye /etc/resolv.conf:

nameserver 8.8.8.8
nameserver 1.1.1.1

Siku ukiunganisha Wi-Fi, programu inayosimamia mitandao inaweza kuiandika upya faili hiyo. Kurasa zikigoma tena ghafla, anzia hapo: cat /etc/resolv.conf, uone kama mistari yako bado ipo.

Na ukishachomeka modemu asubuhi, ipe muda. Fungua mlango wa duka, fagia, washa printa, kisha ndiyo upige. Taa yake itakuwa imeshatulia na mnara umeshapatikana.

Sasa ya mchana, ambayo ndiyo inayokupotezea wateja. Umesema kampuni wanadai mnara uko sawa. Safari hii naona wanasema kweli. Hii hapa mistari yako, nimeipanga tu ifuatane:

usb 2-1: USB disconnect, device number 7
--> The PPP daemon has died: A modem hung up the phone (exit code = 16)
usb 2-1: new high-speed USB device number 8
usb 2-1: GSM modem (1-port) converter now attached to ttyUSB3
--> Cannot open /dev/ttyUSB0: No such file or directory

Soma wa kwanza tena. Huo umeandikwa na kerneli, na unasema kifaa kimechomoka. Wewe hukukichomoa. Mnara ukipotea, modemu inabaki imechomekwa na kerneli haina la kusema. Inalalamika pppd peke yake. Kerneli ikisema USB disconnect, kilichokatika kiko kati ya modemu na laptopu: umeme au mguso. Ile 16 ya pppd ina maana modemu imekata, ila haikuambii kwa nini. Ni kama taarifa ya msiba isiyotaja maradhi. Sababu iko mstari mmoja juu, kwa kerneli, na watu wengi hawainui macho mpaka huko.

Mistari miwili ya mwisho inaeleza kwa nini baadaye unaambiwa hakuna modemu. Ilipozimika, wvdial ilikuwa bado imeushikilia mlango wa ttyUSB0. Modemu ikazinduka sekunde chache baadaye, ikakuta mlango wake wa zamani una mtu, ikapewa mwingine, ttyUSB3. Wewe unagonga nyumba ya mwanzo na mwenyewe kahamia ya nne. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, na tunausema kwa utani kwa sababu mgeni huwa haondoki. Modemu yako imeutekeleza neno kwa neno.

Dawa ya mlango ni rahisi. Andika ls /dev/serial/by-id/ na utaona jina refu la modemu likiishia na if00-port0 au linalofanana na hilo. Jina hilo halibadiliki namba ikihama. Liweke kwenye mstari wa Modem badala ya /dev/ttyUSB0, njia nzima kuanzia /dev. Hapo ikikatika, wvdial itairudia yenyewe.

Lakini hiyo ni kufuta damu, jeraha bado lipo. Kwa nini inazimika mchana na si asubuhi? Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500 na basi. Modemu ya 3G ikiwa karibu na mnara inanong'ona na kula umeme kidogo. Ikiwa inausikia mnara kwa mbali inalazimika kupaza sauti, na inapopaza sauti ndipo inapovuta umeme mwingi kwa mkupuo. Mchana ndipo unapotuma viambatisho vya wateja, picha za vyeti, fomu zilizoskaniwa. Kutuma ndiko kupaza sauti. Umeniambia pia kwenye barua yako kwamba unatumia waya wa kurefusha ili modemu ifike dirishani. Wazo zuri, waya mbaya. Waya mrefu na mwembamba unakula umeme njiani, na unaobaki hauitoshi modemu wakati wa mkupuo. Inazimika, inawaka, inahama mlango.

Ongeza hewa ya Sahare. Chumvi ya bahari haina huruma na shaba. Chukua tochi ya simu uangalie ndani ya tundu la waya na kwenye meno ya modemu. Ukiona weusi au ukungu wa kijani, huo ni mguso mbovu. Mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti, piga taratibu, acha pakauke kabisa kabla ya kuchomeka.

Kuna jaribio ninalolifanya dukani mbele ya mteja, kwa sababu likionekana kwa macho halina ubishi. Fungua terminali, andika sudo dmesg -w, na uiache hapo. Kila kerneli inapotamka kitu, mstari unatokea wakati huo huo. Kisha ishike modemu kwa vidole viwili uitikise kidogo, kama jino la mtoto lililolegea. Mstari wa USB disconnect ukiruka, ugonjwa ni mguso. Usiporuka, acha modemu itulie, upakie faili kubwa kwenye barua pepe na utazame. Ukiruka wakati wa kupakia, ugonjwa ni umeme. Baada ya hapo ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu bila waya na upakie faili lile lile. Ikivumilia, waya ndio mkosaji, na umeokoa bei ya modemu.

Kama ni lazima modemu ikae dirishani, tafuta waya mfupi na mnene, au habu ya USB yenye adapta yake ya umeme. Mita tano ndio mwisho wa waya wa kawaida wa USB 2.0, na kwa modemu mimi hata mbili naziona nyingi.

Kujua kama dirishani kuna faida kweli, usihesabu vijiti kwenye skrini. Iulize modemu. Vifaa hivi huleta milango miwili au mitatu, na wakati data inapita kwenye wa kwanza, mara nyingi unaweza kuuliza hali kwenye mwingine. Weka picocom, programu ndogo ya kuandikiana na modemu, kisha:

sudo picocom /dev/ttyUSB2

Andika AT, ubonyeze Enter. Ikijibu OK, umepata mlango. Isipojibu jaribu ttyUSB1. Sasa andika AT+CSQ. Itakujibu namba mbili; tazama ya kwanza. Inaanzia 0 hadi 31, na 99 ina maana modemu haijui. Chini ya 10 unahangaika, 15 na kuendelea unafanya kazi kwa raha. Isogeze modemu kutoka mezani hadi dirishani, uulize tena kila mahali. Chini ya paa la bati tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko unavyodhani, na pembe moja ya dirisha ikashinda nyingine. Ukiwa humo humo, AT+CREG? ikijibu 0,1 umeandikishwa kwenye mtandao wako, 0,2 bado inatafuta, 0,3 umekataliwa. Hiyo 3 ukiiona, shida iko kwenye laini, ipeleke kwa waliokuuzia. Kutoka kwenye picocom ni Ctrl-A kisha Ctrl-X.

Picocom ikikuambia mlango una mtu na wewe hujapiga, au modemu ikijibu vitu visivyoeleweka, mtazame ModemManager. Ni programu inayokuja na Debian zenye sura kamili, na tabia yake ni kukimbilia kila modemu inayochomekwa na kuihoji. Yeye na wvdial hawakai nyumba moja. sudo systemctl stop ModemManager, ujaribu tena. Ungeweza pia kumwachia yeye kazi yote na kuachana na wvdial. Inafanya kazi, na inapendeza kwa macho. Mimi dukani naipendelea wvdial kwa sababu inasema kila inachokifanya. Kama mdogo wako angekuwekea ile nyingine, leo ungenitumia picha ya alama nyekundu na tusingekuwa na la kuzungumza.

Jambo la mwisho, kwa sababu utalikuta ukianza kusoma ushauri wa watu. Wengi watakuambia uongeze lcp-echo-interval 30 na lcp-echo-failure 4 ili pppd iwe inauliza "upo?" kila mara na igundue haraka laini ikifa. Kwa simu ya mezani ulikuwa ushauri mzuri. Kwa modemu yako, kumbuka nani anajibu: ni modemu, hapo ubavuni. Itaitikia "nipo" hata kama mnara umelala. Mbaya zaidi, baadhi ya modemu haziitikii swali hilo kabisa, na pppd ikishauliza mara nne kila baada ya sekunde 30 inakata laini nzima, yaani baada ya kama dakika mbili. Ukiona kukatika kwa kipimo cha saa namna hiyo na exit code = 15, tafuta mistari hiyo kwenye /etc/ppp/options na uweke lcp-echo-failure 0. Kwako sidhani, kwa sababu yako inakatika ovyo ovyo na namba ni 16.

Kwa hiyo kesho anza na majina peke yake, uone asubuhi mbili tatu zinakwendaje. Waya uuguse baadaye. Ikikataa, nitumie dmesg nzima ya siku hiyo, usinichagulie mistari, pamoja na namba za AT+CSQ za mezani na za dirishani. Au ukija mjini Jumamosi pita hapa Ngamiani na modemu yako na ule waya wa kurefusha. Mswaki na spiriti ninavyo.